Siku ya Kutoka: Wasichana Yatima wa London na wa Mbweni

 Bila shaka taa zimekwisha kuwashwa na madaftari yako tayari. Somo letu la leo ni historia ya wasichana waliolelewa katika nyumba za yatima, na hasa habari za siku moja katika maisha yao, yaani siku ya kutoka. Siku ya kuingia imeandikwa mara nyingi: mtoto ameokotwa, amevishwa nguo safi, amepewa uji. Siku ya kutoka huandikwa kwa mstari mmoja tu. "Akapata kazi," au "Akaolewa." Basi leo tutauliza, baada ya mstari huo ilikuwaje?

Tutakwenda mahali pawili. Kwanza ni London, mji mkuu wa Uingereza, tangu mwaka 1850 hata 1880 hivi. Kisha tutarudi pwani yetu, Mbweni katika kisiwa cha Unguja, karibu miaka hiyohiyo. Nimechagua mahali hapa pawili kwa sababu wageni waliowalea wasichana wa Mbweni walitoka katika nchi ileile iliyokuwa ikijiuliza la kufanya na wasichana wa London.

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: mlezi, mshahara, rafiki. Tutayahitaji.

Mwaka 1834 Uingereza ilitunga sheria mpya ya maskini. Kwa sheria ile, mtu aliyeshindwa kujilisha aliingia katika nyumba ya maskini, jumba kubwa lililoendeshwa kwa kodi ya wenyeji. Humo waliwekwa wazee, wagonjwa, wajane, na watoto wasio na wazazi. Baadaye watu wakaona si vema watoto wakue kati ya watu wazima waliokata tamaa, wakajenga shule kubwa za bweni nje ya mji. Moja ilikuwa Hanwell, upande wa magharibi wa London, nayo iliweza kuchukua watoto zaidi ya 1,000. Charlie Chaplin, yule mchekeshaji wa sinema, aliwekwa hapo kwa muda alipokuwa mtoto, mwaka 1896. Lakini yeye alikuwa mvulana, tena mama yake alikuwa hai.

Msichana wa shule hizo alipofika umri wa miaka 14 hivi alitolewa kwenda kazini. Kazi yenyewe karibu daima ilikuwa moja: utumishi wa nyumbani. Siku zile hata mwenye duka dogo London alitaka kuwa na mtumishi, na aliyeshindwa kumlipa mtumishi mzoefu alikwenda kumtafuta msichana wa shule ya maskini, kwa sababu huyo alikuwa rahisi. Msichana alipewa sanduku lenye nguo, akapelekwa kwa watu asiowajua, akalala humohumo. Aliamka kabla ya wote kuwasha moto, akalala baada ya wote. Alikuwa peke yake jikoni, bila mtumishi mwenzake wa kumwelekeza.

Sasa sikilizeni habari ya msichana mmoja, Jane Wilbred. Alitolewa katika nyumba ya maskini ya London Magharibi, akachukuliwa kuwa mtumishi na mwanasheria mmoja, George Sloane, na mkewe. Watu wale walikuwa na heshima zao mjini. Mwishoni mwa mwaka 1850 majirani waligundua kwamba binti yule anapigwa na kunyimwa chakula. Alipotolewa alikuwa amekonda kiasi cha kutisha, akapelekwa hospitali. Kesi ikasikilizwa mwaka 1851, na mume na mke wakafungwa miaka 2 kila mmoja. Magazeti yaliiandika habari ile, na watu wakakasirika sana mjini. Lakini jambo la kutia uchungu kuliko yote ni kwamba hapakuwa na mtu aliyetakiwa kwenda kumtazama. Mtoto wa mtu akiteswa kazini, ipo siku mama atapita kumjulia hali, au mjomba, au hata jirani wa kijijini. Jane hakuwa na wa kupita.

Bunge likatunga sheria mwaka huohuo wa 1851. Iliagiza kwamba vijana waliotoka nyumba za maskini kwenda utumishi waandikwe katika daftari, na kwamba ofisa wa maskini awatembelee mara 2 kwa mwaka mpaka watimize miaka 16. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, na tusiidharau. Lakini itazameni vizuri. Ofisa mwenyewe alikuwa mwanamume mwenye kazi nyingine tele, aliyezoea kugawa posho ya maskini. Mfikirieni msichana wa miaka 15 ameitwa sebuleni mbele ya mgeni huyo, na bibi mwenye nyumba amesimama pembeni. Anaulizwa, "Je, hujambo? Unatendewa vema?" Atajibu nini? Tena akifika miaka 16 jina lake linafutwa katika daftari, na huo ndio umri ambao hatari za mji zinaanza kumwandama msichana.

Ikapita miaka 20 na zaidi. Shule ziliendelea kujaa, na wakubwa waliendelea kuandika kwamba wasichana "wamewekwa kazini vizuri." Hapana shaka waliamini hivyo, maana hesabu yao iliishia mlangoni. Mwezi wa Januari 1873 waziri aliyesimamia mambo ya maskini, James Stansfeld, alimwita mwanamke mmoja, Jane Nassau Senior, akamwomba akague malezi ya wasichana katika shule hizo na kuandika taarifa. Serikali ya Uingereza ilikuwa haijawahi kumpa mwanamke cheo cha namna hiyo. Bibi huyu alikuwa dada wa Thomas Hughes, mwandishi wa vitabu na mbunge, naye alikwisha fanya kazi ya kusaidia majeruhi wakati wa vita vya Wafaransa na Wajerumani, 1870 hata 1871.

Bibi Senior alizitembelea shule. Aliona sakafu zinang'aa, vitanda vimepangwa safu, watoto wanasoma na kushona vizuri. Wakaguzi waliomtangulia waliyaona hayohayo wakaenda zao. Yeye akauliza swali jingine: wale waliokwisha kutoka wako wapi? Akachukua majina ya wasichana waliopelekwa kazini miaka ya karibu, na kwa msaada wa mabibi wengine akaanza kuwafuata, nyumba kwa nyumba.

Taarifa yake ilitolewa mwaka 1874. Wasichana wengi walikuwa wamebadili kazi mara kwa mara, wengine wamerudi katika nyumba ya maskini, safari hii upande wa watu wazima, wengine hawakujulikana walipo. Afya ya wengi ilikuwa dhaifu, hasa macho, kwa kuwa ugonjwa wa macho ulienea sana katika mabweni yale. Na mabibi wenye nyumba walilalamika: msichana huyu hajui kitu, anavunja vyombo, ananuna, hapendi mtu.

Hapo, wanafunzi wangu, nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye somo.

Msichana yule alifundishwa kazi miaka mingi. Ilikuwaje hajui kitu? Alijua kusugua ukumbi wa mawe wenye urefu kama wa soko, lakini nyumba ndogo yenye sebule na vikombe vya udongo hakuwahi kuingia. Chakula cha shule kilipikwa katika mapipa makubwa ya mvuke. Sufuria ya watu 4 hakuwahi kuishika. Hakuwahi kutumwa dukani. Hakuwahi kushika fedha yake mwenyewe. Nguo alipewa, viatu alipewa, saa ya kulala alipigiwa kengele.

Sasa wewe uliyelelewa na mama au bibi yako, jiulize: ulijifunza lini kununua chumvi? Hakuna aliyekuweka darasani. Ulitumwa dukani na sarafu mkononi, ukapunjwa chenji, ukarudi ukagombezwa, ukatumwa tena. Ulijifunza lini kwamba unga wa kibaba kimoja hauwatoshi wageni 6? Ulimwona mama akikadiria, akaongeza maji, akawapimia watoto kidogo. Ulijua je ni mtu gani wa kukopwa na ni nani si wa kukopwa? Ulisikia wakubwa wakizungumza jioni. Mambo hayo hayamo katika ratiba ya shule yoyote. Mtoto wa nyumbani huyapata bure. Mtoto wa bweni kubwa huyakosa, kisha hulaumiwa kwa kutoyajua, na akilaumiwa mara kumi hununa, maana hata kuomba radhi kwa upole hujifunzwa kwa mtu anayekupenda.

Bibi Senior alitoa shauri kwamba yatima walelewe katika jamaa za watu, au katika nyumba ndogo zenye wasichana wachache na mama mmoja. Tena akasema kila msichana anayetoka awe na mwanamke wa kumfuata kwa miaka kadhaa. Si wote waliopendezwa. Mkaguzi wa zamani, Edward Carleton Tufnell, ambaye alitumia maisha yake kuzijenga zile shule kubwa, aliipinga taarifa kwa nguvu na kusema hesabu za bibi huyu si sahihi. Nadhani tumwelewe mzee yule. Alikuwa amewatoa watoto katika majumba mabaya zaidi, na sasa anaambiwa kwamba haitoshi. Lakini jibu lake lilihusu shule, wala halikuhusu wasichana waliokwisha kutoka.

Bibi Senior aliugua, akaacha kazi ya serikali mwishoni mwa 1874, akafariki mwaka 1877, umri wake miaka 48. Hata hivyo, kabla ya kufa alikiona chama kilichoanzishwa mwaka 1875 kwa shauri lake, Chama cha Kufanya Urafiki na Watumishi Vijana wa London. Kazi yake ilikuwa hivi. Mji uligawanywa katika mitaa, na kila mtaa ulikuwa na mabibi wa kujitolea. Msichana alipotoka shule, jina lake na anwani ya kazi vilipelekwa kwa bibi wa mtaa huo, naye akaenda kumwona. Uangalizi uliendelea mpaka miaka 20. Chama kilifungua ofisi za kutafutia wasichana kazi bila malipo. Na jambo lililokuwa la maana sana, kilikuwa na nyumba za kulala wasichana waliofukuzwa kazi, ili wapate mahali pa kukaa wakati wanapotafuta kazi nyingine. Mtumishi wa ndani akifukuzwa hupoteza mshahara na kitanda kwa siku moja. Usiku wa kwanza ndio mbaya. Aliyepata pa kulala usiku ule aliweza kuamka na kutafuta kazi. Aliyekosa alichukuliwa na yeyote aliyemwita.

Je, chama kile hakikuwa na kasoro? Kilikuwa nazo. Rafiki aliyeletwa alikuwa bibi mwenye mali, jamaa ya walewale waliowaajiri wasichana. Walitoa alama kwa tabia zao, huyu mzuri, huyu si mzuri, kama karani anavyopanga magunia. Na kazi iliyofikiriwa ilibaki ileile, utumishi. Msichana mwenye akili ya hesabu au mkono wa kuchora hakuulizwa. Alisaidiwa kuishi, na hilo ni kubwa, lakini njia alikwisha kuchaguliwa.

Haya, tuvuke bahari tuje kwetu.

Mwaka 1864 Misheni ya Vyuo Vikuu ya Waingereza, iliyojulikana kwa herufi U.M.C.A., ilifika Unguja chini ya Askofu Tozer. Sultani Majid akawapa wavulana 5 waliokuwa wametolewa katika jahazi la watumwa. Baadaye wakaja wasichana, nao wakawekwa chini ya Helen Tozer, dada wa askofu. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikikamata majahazi baharini, na watoto waliookolewa walihitaji mahali pa kukaa. Watoto hao walitoka bara, wengi pande za Ziwa Nyasa, wakasema Kiyao, Kimakua, Kinyasa. Kuwarudisha makwao hakukuwezekana, kwa sababu njia ilijaa wanunuzi wa watu, na wengine walikuwa wadogo mno hata kulijua jina la kijiji chao. Wazazi wao huenda walikuwa hai huko bara. Lakini kwa hali yao walikuwa yatima kamili.

Mwaka 1871 misheni ilinunua shamba la Mbweni, kusini ya mji wa Unguja, na shule ya wasichana ikahamia huko. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukataza biashara ya watumwa baharini, na soko la watumwa mjini likafungwa. Majahazi ya siri hayakukoma, na watoto wakaendelea kuletwa. Mwaka 1877 alifika mwalimu Caroline Thackeray, akaiongoza shule ile mpaka 1902.

Wasichana wa Mbweni walijifunza kusoma na kuandika kwa Kiswahili. Wenye kupenda vitabu walifundishwa ualimu. Wengine waliwekwa upande wa kazi za mikono, wakashona, wakafua, wakapika. Kisha siku ya kutoka ikafika, na hapa swali lilikuwa gumu kuliko London. Msichana wa London asiye na ndugu alikuwa bado mtu huru katika nchi yake. Pwani yetu ya siku zile, mwanamke asiye na ukoo alikuwa katika hatari ya kuhesabiwa mali ya mtu. Nani angemposesha? Nani angepokea mahari na kuuliza habari za mume? Akipigwa, angerudi kwa nani? Hata sheria ya 1897, iliyofuta hadhi ya utumwa Unguja, iliwaacha masuria nje, mpaka mwaka 1909 nao walipopewa haki hiyo.

Basi misheni ikakaa mahali pa baba, mama na mjomba. Wasichana wengi waliozwa vijana waliosoma Kiungani, shule ya misheni ya wavulana, au wanaume Wakristo wa kijiji cha Mbweni, ambako watu wazima waliookolewa walipewa nyumba na kipande cha shamba. Walioingia ualimu walipata mshahara wao wenyewe. Mshahara ule haukuwa mkubwa, lakini mwanamke aliyekuwa amepimwa bei kama mbuzi sasa alipokea fedha kwa jina lake, kwa kazi ya kuwafundisha watoto wa wenzake. Mimi naona hilo ni kubwa kuliko mambo mengi yanayosifiwa katika historia ya misheni.

Lakini kasoro ya London ilikuwako Mbweni pia, huenda zaidi. Misheni iliuogopa mji, ikawazuia wasichana wasizoeane nao. Mume alitazamiwa awe Mkristo wa misheni. Msichana alitoka mkono wa bwana, akaingia mkono wa mwalimu, akaingia mkono wa mume, na mara chache aliulizwa, "Wewe mwenyewe wataka nini?"

Wengine walipelekwa mbali. Mwaka 1876 Askofu Steere, aliyekuwa amechukua mahali pa Tozer, aliongoza zaidi ya watu 50 wa Mbweni, wanaume kwa wanawake, kwenda bara kusini kuanzisha kijiji cha watu huru. Walikusudia kukaribia nchi za Ziwa Nyasa walikotoka, lakini walipofika Masasi wakaona pana maji na ardhi nzuri, wakakaa. Walilima, wakajenga, wakapata watoto. Mwaka 1882 Wangoni, waliojulikana huko kwa jina la Magwangwara, waliwashambulia. Baadhi wakauawa na wengine wakachukuliwa mateka. Fikirini mwanamke aliyetekwa utotoni, akaokolewa baharini, akasomeshwa, akaolewa, na sasa amefungwa kamba mara ya pili. Hapo tunaona kwamba nyumba, mume na shamba havikutosha mahali pasipo na amani.

Lipo jambo moja ambalo Mbweni walilifanya vema kuliko London, nadhani bila kulipanga. Shule na kijiji vilikuwa mahali pamoja. Aliyeolewa hakwenda mbali na shule. Akiugua, akifiwa na mume, akigombana, mwalimu wake alikuwa palepale. Bibi Thackeray alipoacha uongozi mwaka 1902 hakurudi Ulaya. Alikaa Mbweni mpaka alipofariki mwaka 1926. Maana yake ni kwamba mwanamke aliyefika pale mtoto mdogo, hata alipokuwa na wajukuu, aliweza kwenda kubisha hodi kwa mtu aliyemjua tangu utoto. Kwa yule bibi wa mtaa kule London, msichana alikuwa jina jipya kila alipohama kazi.

Magofu ya shule ile yako Mbweni hadi leo. Kanisa lao la Mtakatifu Yohana, lililofunguliwa mwaka 1882, bado limesimama.

Nimalizie habari za sheria. Uingereza ilichukua muda mrefu kufanya kazi ya kile chama kuwa wajibu wa serikali. Sheria ya Watoto ya 1948 iliziagiza halmashauri kuwashauri vijana wanaotoka malezini na kuwa rafiki yao. Neno la mwaka 1875, urafiki, likaingia katika kitabu cha sheria. Sheria ya mwaka 2000 ikataka kila kijana anayetoka awe na mpango wake ulioandikwa na mshauri wake maalumu, na mwaka 2017 haki ya kuwa na mshauri ikaongezwa mpaka miaka 25. Tangu mwaka 1851 umri umepanda, miaka 16, kisha 20, kisha 25. Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18.

Sasa kazi ya darasa. Mwalimu atagawa darasa makundi mawili. Kundi la kwanza, tuseme binti wa miaka 18 anatoka kesho katika nyumba ya yatima iliyo karibu na mtaa wenu. Andikeni matumizi yake ya mwezi wa kwanza: kodi ya chumba, godoro, ndoo, jiko, unga, mafuta, sabuni, nauli ya kutafutia kazi. Tumieni bei za soko lenu wenyewe, kisha jumlisheni. Kundi la pili, andikeni majina ya watu wa mtaa ambao binti huyo angeweza kuwabishia hodi saa nne ya usiku. Mkimaliza, someni orodha zote mbili kwa sauti, na kila mwanafunzi azinakili katika daftari lake.